Picha ya Kichwa na Dawa ya Minyoo: Niliyojifunza Kwenye Chumba cha CT

Wagonjwa wengi waliopita mikononi mwangu waliamini kwamba CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, ni tiba. Mtu anashuka kitandani, anajipapasa kipaji cha uso, anasema, "Ahsante sana daktari, naona kichwa kimekuwa chepesi." Mimi si daktari. Ni mteknolojia wa mionzi, ila huku kwetu ukishavaa koti jeupe wewe ni daktari, na baada ya muda nikaacha kubishana.

Nilikuwa hospitali moja ya rufaa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na kwa muda mrefu niliazimwa na watafiti waliokuwa wakichunguza uhusiano wa kifafa na mabuu ya mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe yanayoingia kwenye ubongo. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kumwandaa mshiriki kabla ya picha. Naandika sasa kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp naona watu wanashauriana kumpa mtu mwenye kifafa dawa za minyoo, dozi kubwa, siku nyingi, "awaue wote." Nimeona ushauri huo unavyoishia. Na nimeona pia kwamba picha ya ubongo, ambayo wengi wanadhani kazi yake ni kutaja jina la ugonjwa, inafaa zaidi kwa jambo lingine: kumwonyesha daktari dawa ipi asithubutu kuitoa.

Habari za tegu watu wanazijua nusu, na nusu hiyo inapotosha. Wanasema ukila kitimoto ambayo haikuiva, minyoo inapanda kichwani. Mwendo wenyewe hauko hivyo. Mtu akila nyama yenye vifuko vya mabuu ambayo haikuiva vizuri, anapata tegu mzima utumboni, mwenye urefu wa mita kadhaa, na mara nyingi hajisikii chochote. Mayai ya tegu huyo yanatoka na choo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanaanguliwa tumboni mwake, mabuu yanapenya utumbo, yanasafiri na damu na kutulia kwenye misuli. Sasa mayai hayohayo yakimezwa na binadamu, kwa mkono usionawa, kwa mboga mbichi au kwa maji, yanamfanyia kilekile yanachomfanyia nguruwe, na ubongo ni mahali mojawapo yanapokwenda kutulia. Kwa hiyo mla nyama mbichi anapata tegu. Vifuko vya kichwani anavipata yeyote aliyemeza mayai, hata kama nguruwe hajawahi kumwona.

Jambo hili nililielewa vizuri siku alipokuja mama mmoja kutoka upande wa Mbozi akisindikizwa na kaka yake, mzee wa makamo aliyevaa kanzu na kofia. Kifafa kilimwanza ukubwani, ameshazaa watoto, na hiyo peke yake humfanya daktari ashtuke. Picha ikaonyesha vifuko. Daktari wetu wa mishipa ya fahamu, mama mtu mzima anayeongea taratibu, alipofika kwenye neno nguruwe, kaka mtu akasimama.

"Samahani daktari. Sisi ni Waislamu tangu babu wa babu. Dada yangu huyu hajawahi kushika hata sufuria ya nguruwe. Nikifika nyumbani nikawaambie nini watu?"

"Kaa, baba. Sijasema dada yako kala nguruwe. Nimesema yupo mtu kala, na mtu huyo hakunawa mikono."

Akamweleza kisa kilichochapishwa mwaka 1992, cha Wayahudi wa Orthodox wa mjini New York waliokutwa na vifuko hivyohivyo vichwani. Nyama ya nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwetu Waislamu. Uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu. Mzee akakaa, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe hata Mayahudi." Nadhani ndiyo iliyomtuliza kuliko mchoro wote wa mzunguko wa mdudu. Baadaye watu wa nyumba ile na majirani walipimwa choo, mwenye tegu akapatikana na akatibiwa. Sitasema alikuwa nani wala uhusiano wake na yule mama. Kijiji ni kidogo.

Kipeperushi cha utafiti, kwa taarifa yako, kilikuwa na picha ya nguruwe mkubwa kwenye jalada. Baada ya siku ile niliwaomba watafiti waiondoe. Familia za Kiislamu zilikuwa zinakiacha kwenye benchi la kusubiria bila kukifungua, na hao nao wana wagonjwa wa kifafa nyumbani. Iliwachukua muda kukubali, lakini walikubali. Jalada jipya lilikuwa na mikono inayonawa.

Sasa picha yenyewe. Mashine ya CT inakipa kila kipande cha kichwa namba kulingana na kinavyozuia mionzi. Maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, mfupa mgumu unaweza kufika 1,000 na zaidi. Namba hizo zinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeunda mashine hiyo. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kupiga hesabu za kazi hii akiwa Cape Town. Hili nawatajia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kila nikipata nafasi, maana wamezoea kuamini kwamba Afrika kwenye mambo haya ni ya kupokea tu.

Kifuko chenye mdudu hai kinaonekana cheusi, mviringo safi, na ndani yake nukta ndogo ambayo ndiyo kichwa cha mdudu: kama tone la maji lililomeza punje ya ulezi. Ubongo unaokizunguka umetulia. Mdudu aliye hai ana mbinu za kuifumba macho kinga ya mwili, na mtu anaweza kukaa naye miaka bila kujua. Mdudu anapoanza kufa, mbinu zinaisha, kinga inamgundua na vita inaanza. Ukimchoma mgonjwa dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha picha, kifuko kinachokufa kinawaka pete, na nje ya pete ubongo umevimba. Hapo ndipo wengi wanapoanguka kwa mara ya kwanza. Vita ikiisha, kinachobaki ni kijiwe cha chokaa, cheupe, kidogo, namba yake imepita 100. Mdudu alishakufa zamani, lakini kovu lake linaweza kuendelea kuleta kifafa. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku badala ya mionzi, huona zaidi kile kichwa cha mdudu, na vifuko vilivyojificha kwenye vyumba vya maji ya ubongo. CT huona zaidi chokaa. Wenye uwezo hupiga zote mbili. Sisi tulikuwa na CT.

Mdudu ni mmoja, lakini kila hali ina amri yake. Penye chokaa tupu hakuna wa kuua, kwa hiyo dawa ya minyoo haina kazi. Mgonjwa anahitaji dawa za kifafa, azinywe bila kukatisha. Vifuko vikiwa hai, hutolewa albendazoli kwa siku 10 hadi 14, na vikizidi viwili huongezwa dawa nyingine ya minyoo, prazikwanteli. Lakini kabla yake kunatangulia dawa ya kutuliza uvimbe kama deksamethasoni, na macho yanachunguzwa kwanza, kwa kuwa mdudu akiuawa ndani ya jicho anaweza kuondoka na uoni. Ubongo ukiwa umejaa vifuko vinavyokufa na umevimba wote, au njia za maji ya ubongo zimeziba, dawa ya minyoo haitolewi. Unashughulikiwa uvimbe au maji kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ugonjwa huu mwaka 2021, na sehemu kubwa ya mwongozo huo haiwezekani kufuatwa bila picha.

Narudi kwenye ushauri ule wa makundi ya WhatsApp. Kulikuwa na kijana fundi cherehani. Alikuwa akianguka mara chache kwa mwaka, akasikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba kifafa chaweza kuletwa na minyoo, akaenda duka la dawa akanunua albendazoli za kutosha, akazinywa siku baada ya siku bila kumwambia mtu. Aliletwa hajitambui, degedege limefululiza usiku kucha. Nilipofungua picha, pete zilikuwa kila upande wa ubongo. Hakuna aliyekuwa amemshauri vibaya kwa makusudi. Alichosikia kilikuwa kweli, hakikuwa kamili. Alipona kwa kiasi. Mkono wake wa kulia ulibaki dhaifu, na kwa fundi cherehani hilo si jambo la kuandika kwenye faili na kupita.

Mama yake aliniuliza kwenye korido, "Mwanangu, dawa hii si ndiyo wanayopewa watoto bure shuleni? Inakuwaje imdhuru mtu mzima?" Swali zuri, na sipendi mtu alisome hapa akaanza kumficha mtoto siku ya dawa shuleni. Dozi ya shuleni ya albendazoli ni moja tu, na faida yake kwa minyoo ya tumbo ni kubwa. Hata hivyo imewahi kuripotiwa kwamba dozi moja ya prazikwanteli, ile ya kichocho, iliamsha degedege kwa mtu aliyekuwa na vifuko asivyovijua. Ndiyo maana kwenye maeneo yenye tegu wa nguruwe, anayegawa dawa hupaswa kuuliza kama mtu ana historia ya kuanguka au maumivu makali ya kichwa, na wewe mzazi hupaswa kumjibu ukweli. Kifafa kinafichwa mno kwetu. Kinafichwa kwa mchumba, kwa mwajiri, kwa mwalimu, mpaka kwa mgawa dawa.

Mengine niliyojifunza ni ya mezani. Fomu ya maandalizi iliandikwa "usile chochote asubuhi" kwa ajili ya kontrasti. Mtu wa kijijini akiambiwa asile, hamezi hata dawa. Wanakuja wamefunga kweli, na dawa ya kifafa ya asubuhi, fenobabitali, wameiacha nyumbani, wamesafiri kwenye basi tangu alfajiri, hawajalala. Ukipanga kumletea mtu kifafa hutapanga vizuri zaidi. Wapo walioanguka juu ya kitanda cha mashine. Tukaongeza mstari mmoja: "Dawa zako za kifafa meza kama kawaida, kwa maji kidogo." Watafiti wenye shahada nyingi waliusoma mstari huo wakacheka, maana ulikuwa wazi mno, na hakuna aliyekuwa ameufikiria.

Halafu hirizi. CT ya kichwa haipendi chuma karibu. Inachora michirizi kwenye picha nzima. Nilikuwa nikiwavua watu vibanio vya nywele, hereni, pini za hijabu, mpaka nikafika kwenye hirizi ya shingoni yenye kibati ndani. Bibi aliyemleta mjukuu alinitazama hivi: "Shikamoo yako nimeitikia, mjukuu wangu, lakini hiyo haitoki." Kubishana na bibi ni kupoteza siku, na mtu asiyekuamini hatatulia kwenye mashine. Nilimwuliza kama inaweza kushuka hadi kifundo cha mguu. Akafikiri, akasema mguu pia ni mwili. Tukaifunga mguuni. Picha ikatoka safi. Kwenye MRI nisingeweza kufanya hivyo, sumaku ile haina mjadala, lakini kwa CT kinachohitajika ni kuondoa chuma pale mionzi inapopita.

Makovu ya moto nayo ni habari peke yake. Ukitafuta mshipa wa kumchoma mtu kontrasti unakuta mkono wote umekunjamana. Alianguka jikoni, watu wakaogopa kumgusa kwa sababu ya povu, wakidhani kifafa kinaambukiza kwa mate. Hakiambukizi hivyo. Sina la kuongeza. Kila mwenye jiko la mafiga na mgonjwa nyumbani ajue tu kwamba mtu aliyeangukia moto anavutwa hapohapo.

Watu hufurahi sana wakiambiwa picha iko safi. Nimekuja kuiogopa furaha hiyo. Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI, kichwa kinamuuma wiki kadhaa, shingo imekaza, anapigwa CT na haionyeshi kitu. Ndugu wanashukuru Mungu na kuomba ruhusa. Lakini fangasi wa kriptokoka wanaoshambulia utando wa ubongo mara nyingi hawaachi alama yoyote kwenye CT. Wanapatikana kwenye maji ya uti wa mgongo au kwa kipimo cha damu. Shida ni kwamba sindano ya mgongo inaogopwa, wanasema ukichomwa unapooza, kwa hiyo familia iko radhi kuuza ng'ombe ilipie CT na kuikataa sindano ambayo ni rahisi kuliko CT na ndiyo yenye jibu. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, shinikizo la maji ya ubongo likiwa juu, sindano hiyohiyo inayopunguza maji ni sehemu ya tiba.

Pete nazo zinadanganya. Mtu mwenye kinga iliyoshuka akiwa na pete ubongoni, huenda ni tokso (maambukizi ya kimelea cha toksoplasma), huenda ni uvimbe wa kifua kikuu, huenda ni tegu anayekufa. Tokso hupenda sehemu za ndani kabisa za ubongo na mara nyingi pete huwa nyingi, lakini daktari bingwa wa radiolojia mwenye busara huandika "huenda". Mara nyingi mgonjwa huanzishiwa dawa ya tokso na picha hurudiwa baada ya wiki mbili hivi: pete zikipungua, jibu limepatikana. Picha ya pili ndiyo inayosema ukweli. Hili shikilia, nitalirudia.

Utafiti wa picha ulionishawishi kuliko wote haukufanyika kwetu, ulifanyika kwa jirani zetu wa Malawi. Mwaka 2008 Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre ilipata MRI ndogo, sumaku yenye nguvu ya Tesla 0.35, wakati za hospitali kubwa mara nyingi ni 1.5. Kundi la daktari Mmarekani Terrie Taylor likaanza kuwapiga picha watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Swali lilikuwa la miaka mingi: mtoto anapewa dawa, vimelea vinapungua kwenye damu, na bado anakufa, kinachomuua ni nini? Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, walikufa 25, na 21 kati ya hao ubongo wao ulikuwa umevimba sana siku ya kulazwa. Kwa walionusurika 143, waliokuwa na uvimbe mkubwa hivyo ni 39. Ubongo uliovimba unasukumwa chini na kukandamiza sehemu inayoendesha pumzi, mtoto anaacha kupumua. Na waliopona, uvimbe ulishuka. Maana yake anayeweza kumvusha mtoto siku hizo chache akipumua ana nafasi ya kumwokoa. Mashine dhaifu, ikiulizwa swali sahihi, ikafanya kazi ambayo nyingi zenye nguvu hazikuifanya, kwa sababu hazikuwepo mahali watoto wanapokufa.

Mahenge, mkoani Morogoro, kwa upande wetu, ni mfano wa picha kukwama. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianza kutibu kifafa huko karibu mwaka 1960 na akaandika habari za watoto wanaosinzia kichwa, yaani kichwa kinaanguka mbele tena na tena. Miongo mingi baadaye baadhi yao walipigwa MRI, yakaonekana mabadiliko kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, lakini chanzo hakikuonekana. Ushahidi mzito ulitoka mtoni, kwenye usubi: penye maambukizi makubwa ya minyoo inayosambazwa na usubi, kifafa nacho ni kingi. Mwenye kuamini kwamba MRI inajibu kila kitu aende Mahenge.

Sasa ile picha ya pili. Utafiti wetu ulikuwa na kundi linganishi, watu wazima wasio na kifafa, ili kuona tofauti. Akaja kijana wa bodaboda, mzima kabisa, amekubali kwa sababu ya nauli na udadisi. Picha yake ilikuwa na vifuko viwili hai. Hajawahi kuanguka. Aliposikia, aliuliza swali moja: "Kwa hiyo pikipiki niache?" Fomu ya ridhaa ilisema majibu ya maana kiafya yatafikishwa kwa mshiriki na atapewa rufaa. Rufaa ni karatasi. Alianzishiwa matibabu, sawa, lakini mwongozo unataka picha irudiwe kila miezi sita hivi hadi vifuko viishe, na bajeti ya utafiti ilikuwa na picha moja kwa kila mtu. Hana bima. Bei ya CT kwa mtu wa bodaboda ni mapato ya wiki kadhaa.

Nilisema kwenye kikao kwamba kumwonyesha mtu mdudu aliyemo kichwani mwake, kisha kumwachia alipie mwenyewe kujua kama amekufa, si haki. Mtakwimu akasema picha za pili haziongezi nguvu ya utafiti. Alikuwa sahihi kwa hesabu zake. Yule mama daktari akasema basi zisihesabiwe kwenye utafiti, zihesabiwe kwenye adabu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho ombi lililofuata la fedha likawekwa mstari wa picha ya pili na nauli kwa kila aliyeanzishiwa dawa, na kamati ya maadili ikataka mstari huo ubaki. Kwa waliokutwa na chokaa tu bila dalili hakukuwekwa kitu, na mabishano juu yao yalikuwa bado hayajaisha nilipohamishwa. Kijana wa bodaboda alirudiwa picha kwa fedha hizo. Kifuko kimoja kilikuwa kimetoweka, kingine kimegeuka chokaa. Dawa za kifafa aliambiwa aendelee nazo kwa muda, na pikipiki alishaiuza.